Bi Macho na Kioo cha Chini

Siku fundi alipomtia machoni mara ya kwanza, mama yule alikuwa amebeba laptopu ndani ya foronya, ameikumbatia kifuani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi njiani. Nyuma yake alikuja msukuma mkokoteni na meza, stuli na printa iliyofungwa kamba. Mama akasimama mbele ya chumba kidogo cha chini ya ngazi, kilichokuwa stoo ya mafagio, akachungulia, akapiga chafya, akasema, "Patanitosha." Kisha akageukia upande wa pili wa ujia, alikokuwa fundi amechuchumaa na brashi yake.

Fundi alikuwa mchora mabango. Alichora majina ya maduka, milango ya magari ya mizigo na vile vibao vya kukataza watu kutupa taka. Ujia mzima ulimwita Fundi Kimya, na hakuna aliyewahi kumsikia akililalamikia jina hilo, jambo lililozidi kuwafanya watu waamini kwamba ni lake.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri," fundi akaliambia kopo la rangi.

"Nataka bango la mlangoni. Utanichorea?"

"Nitakuchorea," akaliambia kopo.

Yule mama akasogea, akainama kwa shida, shingo ikiwa imenyooka kama ya mtu aliyejitwisha ndoo, akatazama ndani ya kopo. "Mimi niko huku, fundi. Humo ndani unaongea na nani?"

Fundi alihisi masikio yanawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kopo lake. Lakini bango alilichora, tena kwa moyo wote: herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, TUNACHAPA BARUA, RISALA NA WASIFU, na chini yake maneno ambayo mama mwenyewe aliyang'ang'ania ingawa fundi hakuona maana yake kwenye biashara ya kuchapa: KARIBU UKAE.

Maana yake aliiona baadaye, maana mlango wake na wa mama yule ilitazamana, na mtu asiyesema sana huwa ana nafasi kubwa ya kuangalia.

Mama hakuchapa kama wachapaji wengine. Meza aliiweka kwa ubavu, stuli ya mteja akaiweka kwenye kona ya meza hiyo, karibu kabisa, goti kwa goti. Mteja akishakaa, mama alimkazia macho usoni na kusema, "Haya, niambie." Kuanzia hapo hakuitazama mashine tena. Vidole vyake vilidonoa vitufe huko chini kama kuku waliomwagiwa mtama, na mara mojamoja kidole kimoja kiliteleza kwenye kile kibao laini kilicho chini ya vitufe, cha kusogezea mshale, bila yeye kukitupia jicho. Macho yalikuwa kwa mteja tu. Ndiyo maana haukupita muda watu wakambatiza Bi Macho.

Wengine walisema ni kwa sababu ya shingo. Zamani aliwahi kuanguka ngazini, na tangu siku hiyo akiinamisha kichwa kwa muda, maumivu humshuka mpaka mabegani. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote. Siku moja msusi wa ghorofa ya juu, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko nywele anazosuka, alimuuliza kwa nini anawatumbulia watu macho hivyo.

"Ukiiangalia mashine," Bi Macho alijibu, "mtu naye anaanza kusema kama mashine. Jina langu fulani, nimezaliwa mahali fulani. Ukimwangalia yeye, anakumbuka kwamba yeye ni mtu."

Na kweli walikumbuka. Kuna kijana alikuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Akaanza kupiga domo: ana uzoefu wa miaka mingi, amesimamia watu, amesimamia magari. Bi Macho akamwangalia tu, vidole vimesimama.

"Uzoefu wa miaka mingi," akasema. "Na hizo ndevu ndiyo kwanza zinapiga hodi?"

Yule kijana akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akasema ukweli: kazi pekee aliyowahi kufanya ni kumuuguza baba yake, kumgeuza, kumwogesha, kumpa dawa kwa wakati. Bi Macho akaandika hivyo hivyo. Kijana akapata kazi kwenye zahanati, akarudi kumshukuru akiwa amevaa koti jeupe linalompwaya.

Fundi aliyaona hayo yote toka ng'ambo, akamheshimu mama yule kuliko mtu yeyote katika ujia. Lakini kukaa kwenye ile stuli hakuthubutu. Macho yale yangemwunguza. Kila asubuhi Bi Macho alimsalimia, "Fundi, umeamkaje?" na kila asubuhi fundi aliiambia brashi kwamba ameamka salama.

Basi ile laptopu ya foronya ikazeeka. Bawaba za kifuniko zikakatika, ikawa inaegemezwa kwenye tofali, na mteja akipiga chafya kifuniko kinaanguka. Ndipo akaja mpwa wake Bi Macho, kijana anayeuza kompyuta kwenye duka moja huko katikati ya mji, na boksi jipya kwapani.

"Shangazi, hii sio laptopu ya hivi hivi. Hebu cheki hapa chini."

Akagusa kile kibao cha kidole, na kibao kikawaka. Kilikuwa skrini nzima, ndogo, ing'aayo kama kioo: saa, tarakimu za kupigia hesabu, vitufe vya rangi, picha.

"Pale pa kusogezea mshale ndiyo pamekuwa skrini ya kugusa. Unaandika huku juu, huku chini unapiga hesabu, unachagua picha. Skrini mbili, mashine moja!"

"Na mimi unaniona nina vichwa vingapi?" akauliza Bi Macho.

Msusi alikuwa ameshuka zamani, kitana kimechomekwa nywelani. "Kioo juu, kioo chini! Mwisho hata matako ya sufuria watayawekea televisheni."

"Bosi kaniletea moja ya kujaribia," mpwa alisema. "Ikipendwa, ataagiza mzigo mzima. Nikasema nani anachapa kutwa kucha kama shangazi yangu? Itumie, kisha unipe jibu la kweli. Kioo cha chini kiwepo au kisiwepo?"

"Nikikwambia kisiwepo, utanuna?"

"Nitanuna, halafu nitampelekea bosi jibu lako."

"Basi iache. Hii nyingine imeshanivunjia heshima vya kutosha."

Jambo hilo likawa gumzo la ujia. Msusi aliunga mkono: mtu anaweza kuandika barua ya kikazi huku juu, na huku chini anaangalia harusi ya watu. Muuza kufuli wa kona alipinga: kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Fundi hakuulizwa, maana nani humuuliza Fundi Kimya? Lakini alikuwa na lake moyoni. Aliona kwamba mahali pa kidole paachwe patupu, kama ukuta kabla ya kuandikwa. Ukuta uliokwisha kujaa picha, herufi zinakosa pa kukaa. Akaiambia hivyo brashi, brashi haikubisha.

Na ikawa hivyo hivyo. Kioo cha chini kilikuwa kizuri, hapo hakuna ubishi. Ila kilivuta macho kama taa inavyovuta wadudu. Kidole cha Bi Macho kikigusa kidogo, kitu kinawaka, naye anajikuta ameinama kukitazama. Wateja wakawa wanauhutubia utosi wake. Wengine nao wakaacha kusimulia, wakashangaa rangi: "Hebu bonyeza hicho cha kijani, mama, tuone." Barua zikatoka fupi na kavu. Jioni Bi Macho alifunga mlango huku akijikanda shingo, na fundi, akimwangalia toka ng'ambo, aliona macho yake yamechoka namna ambayo hakuwahi kuyaona.

Kisha akaja mjane. Alivaa gauni la kuazima, maana lilimbana mabegani, akaleta picha ya mumewe kwenye simu ili iwekwe juu ya wasifu wa mazishi. Bi Macho akaihamishia picha kwenye laptopu, akaanza kuandika. Kumbe mashine ile ilikuwa na tabia zake: picha ya mwisho kufunguliwa huipandisha yenyewe kwenye kioo cha chini. Basi uso wa marehemu ukawa umejaa pale chini, anatabasamu, na kidole cha Bi Macho, kilichozoea kazi yake, kikawa kinateleza shavuni mwake kwenda na kurudi, kikitaka kuchagua kitu kinamgonga paji la uso mara mbili.

Mjane alinyamaza katikati ya sentensi. Akamshika Bi Macho kifundo cha mkono.

"Dada. Unamfanya nini mume wangu?"

Bi Macho akatazama chini, akaona. Akautoa mkono kama aliyeshika pasi ya moto. "Nisamehe mama! Nisamehe sana. Sikujua kama yupo hapo."

"Mimi mwenyewe sikuwa namgusa pua," mjane akasema. "Alikuwa hapendi. Alikuwa anasema, pua yangu iache, shika kitu kingine." Hapo akacheka, cheko likamgeukia likawa kilio, na Bi Macho akafunga kifuniko cha laptopu, akamkamata mikono yote miwili. Wasifu ule aliumalizia kwenye mashine ya zamani, iliyoegemea tofali, macho yake kwenye uso wa mjane.

Kesho yake mpwa aliitwa. Fundi alimwona akiingia, akibonyezabonyeza, akitoka huku anatikisa kichwa na kucheka. Kilichofanyika humo hakukijua, wala hakuuliza.

Haukupita muda mrefu, msiba ukamfika fundi mwenyewe. Dada yake alifariki.

Huyo hakuwa dada wa kutembeleana sikukuu. Wazazi wao walikufa fundi akiwa bado hajaanza shule, na dada, ambaye naye alikuwa msichana tu, ndiye aliyemlea kwa kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Baadaye aliolewa, akazaa, akawa mama wa watu. Maisha yake ya kabla ya ndoa hakuna aliyeyajua hapa duniani isipokuwa fundi peke yake.

Asubuhi shemeji yake alikuja kwenye karakana, macho mekundu, karatasi mkononi.

"Shemeji, mazishi ni kesho. Nimejaribu kuandika wasifu, hebu sikiliza. 'Marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu.'" Akaishusha karatasi. "Basi. Nimeishia hapo."

Fundi akalitazama kopo. Dada yake hakuwa mcheshi hata chembe. Alikuwa mkali kama pilipili ya kusaga. Maneno yale yangemfaa mtu yeyote aliyewahi kufa.

"Watoto wake hawajui alikotoka," shemeji akasema. "Mimi mwenyewe sijui, alikuwa hataki kusema. Wewe ndiye uliyebaki. Usipousema wewe, shemeji, tunamzika na hii mistari. Vuka hapo kwa Bi Macho, mweleze, aandike. Jioni nakuja kuchukua."

Akaondoka. Fundi akajaribu kwanza kuepuka kuvuka. Si alikuwa mtu wa herufi? Akachukua kipande cha karatasi na penseli, akaandika jina la dada yake. Liliandikwa vizuri kweli, herufi zimepumua, mikia imekaa sawa. Akalitilia kivuli. Akalitilia kivuli cha pili. Kisha akakwama hapo hapo. Kuchora maneno ya watu alijua. Maneno yake mwenyewe yalikuwa wapi?

Mchana ulipokuwa umeshasogea sana alipiga moyo konde, akavuka ujia, akakaa kwenye stuli.

Bi Macho alikuwa ameshasikia habari. Hakusema mengi. "Pole sana, fundi. Pole kwa kufiwa." Kisha akamwangalia, kwa yale macho yake, na kusema kwa upole, "Haya, niambie."

Fundi akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akatafuta kopo, hakuja nalo. Akaangalia printa, akaangalia ukuta, akarudi akakutana na macho yale yale, mema, yanasubiri, na kadiri yalivyomsubiri ndivyo alivyozidi kusogea ukingoni mwa stuli. Alimwona dada yake anashushwa kaburini na yale maneno ya mcheshi na mkarimu, na bado ulimi haukunyanyuka. Akaanza kuinuka.

"Ngoja kwanza," Bi Macho akasema, mara akakunja uso. "Hiki kioo cha chini nacho! Kila saa kinanisumbua. Wewe kaa tu, fundi. Nisikuangalie, maana nikikiacha hiki kitanivurugia kazi yote. Ukiwa na la kusema sema, masikio yangu yapo hapa."

Akainamisha kichwa juu ya laptopu. Aliinamisha haswa, kidevu kikagusa kifua, na kuanza kukipapasa kibao kwa kidole: juu, chini, pembeni, mviringo, juu tena. Fundi akabaki anautazama utosi wake na nywele zenye mvi, kisha macho yake yakashuka kwenye kile kidole. Kibao kilikuwa cheusi, kitupu. Kidole kilitembea juu ya weusi ule kikiacha alama hafifu ya unyevu, na alama ile ilififia taratibu, ikatoweka.

"Dada alikuwa anaandika hivyo," fundi akasema.

Bi Macho hakuinua kichwa. "Hivyo vipi?"

"Kwa kidole. Sakafuni. Na maji."

"Mm."

"Akirudi kufua... vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Alikuwa hana hela ya... hatukuwa na daftari. Basi anachovya kidole kwenye kikombe, anaandika herufi kwenye saruji. Anasema, soma kabla haijakauka."

Kidole cha Bi Macho kiliendelea kuzunguka. Mkono wa pili, polepole, ulikuwa umeanza kudonoa vitufe.

"Na ikikauka kabla hujasoma?"

"Nachapwa."

"Kwa nini akuchape?"

"Alikuwa mkali." Na hapo fundi, kwa mshangao wake mwenyewe, akacheka. "Mkali, we acha tu! Alikuwa anasema herufi haina muda wa kumsubiri mvivu. Wakati wa joto zilikuwa zinakauka haraka, nikawa nachapwa zaidi. Siku moja nikamwuliza, kwa nini tusisome wakati wa baridi tu? Akacheka mpaka akakaa chini. Hiyo ndiyo siku niliyomwona akicheka kweli."

Maneno yakaja. Yalikuja kwa kusuasua, kisha yakaja kama bomba lililozibuliwa. Alisimulia jinsi dada alivyokuwa akifua mashuka ya watu, na jinsi wao wawili walivyolalia gunia. Alisimulia jinsi alivyompeleka shule siku ya kwanza, akamwambia mwalimu kwamba huyu herufi zote anazijua, wewe mwongezee zilizobaki. Fundi alipomaliza shule ya msingi na fedha ya kuendelea hakuna, dada alimnunulia brashi yake ya kwanza, akamwambia, "Sasa andika kwa kitu kisichokauka kikapotea." Fundi aliyasema yote hayo akikitazama kidole, na Bi Macho akawa ameinama muda wote, akiitikia "mm" na "ehe," hakunyanyua uso hata mara moja mpaka fundi aliposema, "Basi. Ndiyo huyo."

Ndipo alipoinuka, kwa taabu, mkono kisogoni, akiuma meno. Akabonyeza, printa ikakohoa, karatasi zikatoka zina joto. Akampa bila kumkazia macho. "Soma mwenyewe kwanza, fundi. Kama kuna nilipotia chumvi, nitatoa."

Hakukuwa na chumvi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, fundi, ambayo hakujua anayo.

Kesho yake shemeji aliusoma mbele ya watu. Alipofika kwenye sakafu na kikombe cha maji, watu waliokuwa wakinong'onezana nyuma wakanyamaza. Alipofika kwenye "kwa nini tusisome wakati wa baridi tu," kicheko kikapita kwenye ule msiba wote, na binti mkubwa wa marehemu akacheka huku machozi yanamtiririka, akasema kwa sauti, "Huyo ndiye mama! Huyo ndiye mama kabisa!" Baada ya mazishi watoto wakamzunguka mjomba wao. Kikombe kilikuwa cha namna gani, mjomba? Alianza na herufi ipi? Na fundi, amesimama katikati yao, akawajibu, kila mmoja, swali kwa swali.

Aliporudi kazini ndipo jambo lilipomgonga. Alikuwa juu ya ngazi yake anachora jina la duka la viatu, brashi ikamsimamia hewani. Kibao kilikuwa cheusi. Hakikuwaka hata mara moja. Sasa Bi Macho alikuwa anahangaika na nini?

Mpwa alipokuja tena kumwona shangazi yake, fundi alimvizia ujiani, akamwuliza, ingawa aliuuliza ukuta: "Kile kioo cha chini... kimeharibika?"

"Hakijaharibika, mjomba. Nilimzimia kesho yake baada ya yule mjane, akasema hataki kukiona tena. Tangu hapo ni kibao cha kidole tu, kama vya zamani. Kwani vipi?"

"Hamna," fundi akasema.

Kwa hiyo alikuwa ameinamia weusi mtupu. Na ile shingo yake. Muda wote ule.

Siku hiyo hiyo mpwa alidai jibu lake, mlangoni, mbele ya msusi na muuza kufuli ambao nao walikuwa wakisubiri kujua nani kashinda.

"Haya shangazi, bosi anauliza. Kioo cha chini kiwepo au kisiwepo?"

Bi Macho akafikiri. "Anayepiga hesabu au anayechora mapicha yake, mpeni. Atakifurahia. Lakini mtu wa kazi kama yangu, kidole chake hakihitaji sinema. Kidole kinajua njia. Macho ndiyo yenye kazi kwingine. Mwambie bosi wako kila mashine iwe na pa kukizimia, tena paonekane, sio mpaka nikuite wewe."

"Kwa hiyo hakijakufaa hata siku moja?"

"Kimenifaa," alisema Bi Macho. "Siku moja. Na siku hiyo kilikuwa kimezimwa."

Msusi akacheka bila kuelewa. Fundi, ng'ambo ya ujia, alichovya brashi kwenye kopo akaisahau humo humo.

Tangu hapo alimwona akifanya vile tena na tena. Kwa wasemaji aliendelea kuwakazia macho. Lakini akija mtu mwenye mdomo mzito, msichana anayetafuna ncha ya mtandio wake, mzee anayeona aibu kwamba hajui kuandika, Bi Macho alikunja uso, akaanza kukigombeza kioo kisichowaka, akainama. Na baada ya kitambo kidogo fundi alisikia, toka kwenye ile stuli, sauti ya mtu ikianza.

Kisha binti wa Bi Macho, anayeishi mji mwingine, akajifungua mapacha, akamwita mama yake aende akakae naye. Bi Macho akaita msukuma mkokoteni. Meza, stuli na printa vikafungwa kamba. Laptopu ikarudi kwenye foronya.

Fundi aliombwa na mwenye jengo alifute bango kwa rangi nyeupe. Alikuwa amesimama chini yake, kopo mkononi, hajaanza, wakati Bi Macho alipotoka akaenda kuagana na watu. Alimuaga msusi, wakalia wote wawili kwa kelele. Alimuaga muuza kufuli. Mwisho akaja kwa fundi, akasimama mbele yake, shingo imenyooka, foronya kifuani.

Miaka yote hiyo fundi hakuwahi kumwita kwa jina lolote, si mama, si bibi, si Bi Macho. Alivuta pumzi. Akainua uso, akamwangalia machoni. Yalikuwa ya kahawia, na karibu na jicho la kushoto palikuwa na kidoa cheusi ambacho hakuwahi kukiona, miaka yote ile mlango kwa mlango.

"Dada," alisema. "Siku ile kioo kilikuwa kimezimwa. Niliona. Uliinama muda wote ule na shingo inakuuma, ili mimi niweze kusema. Watoto wa dada yangu wanajua mama yao ni nani. Mdogo wao sasa anaandika kwa maji sakafuni, baba yao anakasirika. Nilitaka nikwambie hivyo. Asante."

Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa uso wa mtu yeyote, na alipoyamaliza hakuyaondoa macho. Bi Macho naye hakuyaondoa. Kisha akatabasamu.

"Sasa angalia chini, fundi," akasema. "Unajimwagia rangi viatuni."